Ukiaga Chama Desemba

Desemba ni mwezi mbaya wa kuaga chama katika Nyanda za Juu Kusini. Mvua zimeshashuka, mbegu za mahindi ziko ardhini kuanzia Kilolo mpaka Mbalizi, na pesa ya kikundi iko shambani kwa sura ya mbolea. Mwanachama anayesimama kikaoni wiki hiyo na kusema anaomba chake aondoke, anaomba kitu ambacho hakimo sandukuni. Hajaibiwa, na mweka hazina hajala. Pesa yake ipo, ila imekopeshwa kwa wenzake, nao wataivuna Julai.

Ugomvi mwingi ninaoukuta ninapopitia vitabu vya SACCOS na vikundi vya Mbeya na Iringa hautokani na wizi. Wizi upo, na una sheria zake na polisi wake. Ugomvi hutokana na mtu aliyejiunga akiwa amesoma ukurasa mmoja tu wa masharti ya chama, ule unaosema anaweza kukopa mara ngapi ya akiba yake. Ukurasa wa kuondoka hafungui mpaka siku ya kuondoka, na siku hiyo ana haraka: amepata uhamisho, amekosana na mwenyekiti, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, au anataka kuuzima mkopo wa kausha damu aliouchukua mjini. Anakuja na maswali mawili. Nitasubiri siku ngapi? Nitapewa kiasi gani? La pili ni gumu zaidi, lakini la kwanza ndilo linalopandisha watu hasira, basi tuanze nalo.

Siku sitini ni za nini

Masharti ya SACCOS nyingi humtaka anayeondoka atoe notisi ya maandishi. Siku 60 ndizo nilizozoea kuziona. Vipo vyama vyenye 30 na vipo vyenye 90. Wanachama wengi huichukulia notisi kama adhabu ya kuondoka, na viongozi wengine, nisiwatetee, huitumia hivyo kweli. Lakini kazi yake halali ni moja tu: kukipa chama muda wa kukusanya pesa.

SACCOS ya kata haina mahali pengine pa kuchota. Akiba za wanachama ndizo mikopo ya wanachama, na kinachobaki benki ni kidogo, cha kuendeshea wiki. Kila shilingi inayotoka kumlipa anayeaga lazima iingie kwanza kama rejesho la mtu mwingine. Wakiaga watatu siku moja na kulipwa papo hapo, wa nne anaanza kuulizia, wa tano hasubiri kuambiwa, na chama chenye vitabu safi kabisa kinaweza kuanguka kwa sababu ya hofu peke yake. Notisi inapunguza kasi ya hofu hiyo. Anayeondoka anamlinda anayebaki, na mwaka jana huyo anayeondoka naye alilindwa hivyo hivyo bila kujua.

Tatizo ni kwamba urefu wa notisi unatakiwa kufuata mzunguko wa pesa ya chama chenyewe, na vyama vingi vimenakili masharti ya mfano bila kupima. Chukua SACCOS ya watumishi wa Iringa mjini. Marejesho yanakatwa kwenye mshahara kila mwezi, kwa hiyo ndani ya siku 60 chama kimepokea makato mara mbili. Kumlipa mtu mmoja si shida. Wakulima wa chai wa Rungwe na Mufindi nao wana nafuu, maana jani huchumwa karibu mwaka mzima, hata kama kiangazi hupungua. Mahindi hayana nafuu hiyo. Huku kwetu kuna msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mkopo wa pembejeo hutoka mwanzoni mwa mvua na hurejeshwa kwa mkupuo baada ya mavuno, kuanzia Juni na kuendelea. Notisi ya siku 60 iliyotolewa tarehe 1 Desemba inaisha mwishoni mwa Januari, wakati ambapo watu ndio kwanza wanatafuta tena pesa, safari hii ya mbolea ya kukuzia. Mpunga wa Usangu hauko mbali na hesabu hiyo.

Ruzuku ya mbolea, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 8 Agosti 2022 kwenye uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, ilishusha bei ya mfuko. Haikubadilisha kalenda. Mkulima bado anatakiwa kufika kwa wakala na pesa taslimu mkononi, na pesa hiyo kwa wengi hutoka chamani, na hutoka mwezi ule ule.

Ningekuwa naandika masharti ya chama cha wakulima wa mahindi, ningeacha notisi itolewe siku yoyote, lakini malipo ningeyafunga kwenye msimu: chama kimlipe aliyeaga ndani ya siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya marejesho ya mavuno. Mtu aage Desemba akijua kwamba chake ni Septemba. Hatafurahi, lakini ataweza kupanga. Kinachomuumiza zaidi ni kuambiwa siku 60, kisha siku ya 61 akaambiwa avute subira.

Na hapa kuna tundu ambalo watu wachache huliona. Masharti mengi yanasema mwanachama atatoa notisi ya siku kadhaa. Hayasemi notisi ikiisha chama kitalipa ndani ya siku ngapi. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza kinamfunga mwanachama, cha pili ndicho kingekifunga chama, na hicho ndicho kinachokosekana. Bodi inayosema “tunashughulikia” mwezi wa tano inaweza kabisa isiwe imevunja sharti lolote, kwa sababu sharti la kuvunja halijaandikwa.

Notisi huanza kuhesabiwa siku barua ilipopokelewa. Kumwambia mwenyekiti msibani kwamba mwezi ujao sipo si notisi, hata akiitikia kwa kichwa. Andika nakala mbili, peleka ofisini, gonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala unayorudi nayo. Baada ya hapo wewe bado ni mwanachama mpaka muda uishe. Unaendelea kulipa rejesho, na mkutano mkuu ukiitwa katikati unaingia na kupiga kura. Mkopo mpya hupewi, na ni haki. Waliosimamisha marejesho siku ile ile ya kuandika barua, kwa hoja kwamba “mtakata kwenye akiba yangu”, hujikuta wamejiongezea riba na wakati mwingine faini, zote zikikatwa hapo hapo.

Pesa za aina nne

Sasa kiasi. Tuseme fundi cherehani mwenye banda Mwanjelwa ameamua kuondoka kwenye SACCOS yake. Kichwani ana hesabu nyepesi: alilipa kiingilio shilingi 15,000, ana hisa 20 za shilingi 10,000 kila moja, akiba imefika 1,800,000, na ana amana ya 250,000. Jumla 2,265,000. Hiyo ndiyo namba aliyomwambia mume wake, na hiyo ndiyo itakayoleta ugomvi.

Kiingilio kwanza. Hicho ni bei ya mlango, kilitumika siku ile ile kununua kitabu chake na kulipia kazi ya kumsajili. Hakirudi. Wachache hubisha hapo.

Hisa ndizo zinazobishaniwa. Hisa ya SACCOS ni mtaji wa chama, na mtaji kazi yake ni kubeba hasara kabla hasara haijagusa akiba za watu. Kwa sababu hiyo vyama vingi haviirudishi hisa kwa pesa ya chama. Anayeondoka anaihamisha kwa mwanachama mwingine, ambaye ndiye anayemlipa. Nyuma ya sharti hilo kuna hoja ya kihasibu ambayo mwanachama wa kawaida haambiwi, nami naona anastahili kuambiwa. Mwaka 2004 ilitolewa tafsiri ya viwango vya kimataifa vya uhasibu iitwayo IFRIC 2, inayohusu hisa za wanachama wa vyama vya ushirika. Inauliza swali moja zito: je, mwanachama akidai hisa yake arudishiwe, chama kina haki ya kukataa? Kama chama hakina haki hiyo, na hakuna sheria inayokizuia kulipa, hisa hizo zinaandikwa upande wa madeni, pamoja na akiba na mikopo ya benki. Chama kinachoahidi kurudisha hisa kwa yeyote anayezidai, mbele ya mkaguzi kinaweza kuonekana hakina mtaji hata senti. Msimamizi akija anataka kuona mtaji. Ndiyo maana meneja anashikilia sharti lile hata kama kulieleza hajui.

Hilo halimpi meneja ruhusa ya kukaa kimya. Kama hisa lazima ziuzwe kwa mwanachama mwenzake, basi chama kiwe na orodha ya wanaotaka kununua, ibandikwe ubaoni, na anayejiunga upya aelekezwe kwanza kwenye hisa za waliotangaza kuondoka kabla ya kuuziwa mpya. Ni daftari moja tu. Nimeona vyama ambavyo hisa za waliohama miaka mingi iliyopita zimelala kwenye leja huku wanachama wapya wakiuziwa hisa nyingine kila mwezi. Huo si uhasibu, ni uvivu, na wanaoumia ni watu waliokwisha kwenda mbali.

Akiba ni ile inayowekwa kila mwezi na ambayo ndiyo dhamana ya mkopo. Kwa kawaida haichukuliwi ukiwa ndani. Inatoka ukiwa unatoka. Amana ni pesa uliyoweka kwa hiari juu ya akiba, na masharti yake ni mepesi zaidi, isipokuwa kama uliifungia muda maalumu. Zote mbili ni deni la chama kwako, na hapa ndipo fundi wetu ana haki kamili. Akiba na amana zake jumla ni 2,050,000.

Ila ana mkopo. Umebaki 700,000, na riba ya mwezi huo, tuseme asilimia 1.5 ya salio, ni 10,500. Chama hakina haja ya kumsubiri alete. Kina haki ya kukata deni lake kwenye pesa zake kilizonazo. Inabaki 1,339,500.

Na amemdhamini mwenzake. Hili ndilo kombora. Miezi minane iliyopita alitia saini fomu ya mkopo wa jirani yake wa sokoni, na sehemu yake ya udhamini ni 600,000. Udhamini huo hauondoki kwa sababu yeye ameondoka. Chama kikimlipa yote na jirani akashindwa kulipa, kitamtafuta wapi? Kwa hiyo 600,000 zinashikiliwa mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: jirani amalize mkopo, au apatikane mdhamini mwingine anayekubalika na kamati ya mikopo. Siku ya 60 fundi anapokea 739,500. Aliyekuwa amesema 2,265,000 nyumbani ana kazi ya kueleza.

Tazama lakini kwamba hakuna aliyemwibia. Shilingi 600,000 ni zake bado, zinasubiri. Hisa za 200,000 ni zake, zinasubiri mnunuzi. Kilichopotea kabisa ni kiingilio peke yake. Deni na riba alikuwa anadaiwa aondoke asiondoke. Kama chama kingempa karatasi moja yenye mistari hii siku alipoleta barua, badala ya kumpa bahasha siku ya mwisho, nusu ya hasira ingekuwa haina pa kushika. Kumdai meneja karatasi hiyo, yenye tarehe na saini, ni haki ya kila anayeaga, na mimi ningeidai kabla ya kuandika barua yenyewe. Wengi wakishaiona huamua kumaliza kwanza udhamini, kisha ndipo waage. Huo ndio mpangilio mzuri: udhamini, mkopo, barua.

Bado kuna gawio. Ziada ya chama hugawiwa baada ya hesabu kukaguliwa na mkutano mkuu kuzipitisha, na kwa kawaida anayeondoka katikati ya mwaka halingojei. Je, kama aliondoka mwezi mmoja baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kabla mkutano haujakaa? Mwaka ule wote pesa yake ilifanya kazi. Masharti mengi hayasemi kitu, na kila bodi inajiamulia. Kwa maoni yangu alipwe, na nimeona mkutano mkuu ukikubali hivyo alipopata mtu wa kumsemea. Upande wa pili nao upo: kama chama kimepata hasara, hisa ndizo zinazoliwa kwanza, na anayeuza hisa zake wakati huo asishangae asipopata mnunuzi.

Kwenye sanduku la kufuli tatu

VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa havifanani na SACCOS, ingawa watu huvitaja kwa pumzi moja. Mtindo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, ukatembea Afrika nzima, na Tanzania tukaupokea na kuuvalisha majina yetu. Uzuri wake ni kwamba una mwisho. Mzunguko ni wa mwaka mmoja hivi, kikundi kinavunja, kila mtu anagawiwa hisa zake na faida, na asiyetaka mzunguko mpya haandiki barua yoyote; hajisajili tu tena.

Anayeondoka kabla ya kuvunja ndiye mwenye habari nyingine. Utaratibu unaokubalika vikundi vingi ni kwamba anarudishiwa thamani ya hisa alizonunua bila faida, baada ya kukatwa mkopo na faini, na mfuko wa jamii hapewi. Watu wengi huona huo ni ukatili, hasa aliyebakiza wiki chache. Mimi nauona una mantiki. Faida ya kikundi haijulikani mpaka siku ya kuvunja, kwa sababu mikopo inayoizaa bado iko nje. Kumlipa mtu faida mwezi wa saba ni kumlipa kwa kukisia, na ikitokea mmoja akatoroka na mkopo mwezi wa tisa, waliobaki ndio watakaoibeba hasara, wakati aliyetangulia alishalipwa faida yake. Mfuko wa jamii nao ni wa msiba na ugonjwa. Ulikuwa unakulinda kila wiki, hata wiki ambazo hukuumwa.

Tofauti iwepo kwa anayehama kwa lazima. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Mafinga kwenda Chunya hakuchagua kuondoka. Vikundi vyenye busara humwachia hisa zake ndani mpaka siku ya kuvunja, na humtumia mgao wake kamili kwa simu. Anapoteza vikao, hapotezi faida. Hilo liandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla hajatokea wa kuhamishwa, kwa sababu akishatokea kila mtu ataanza kupima kwa sura ya anayehama.

Kuna kikundi kimoja ambacho kukiaga ni kazi kweli: kile kilichochukua mkopo wa halmashauri. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 ili kupanga upya namna ya kuitoa, kisha ikarudi. Mkopo unatoka kwa jina la kikundi, na deni ni la kikundi. Mwanachama anayejiondoa katikati hawezi kuondoka na sehemu yake ya deni kama anavyoondoka na mwavuli wake. Vikundi vinavyokwepa ugomvi huweka kwenye katiba kwamba hakuna kujitoa mpaka mkopo uishe, au anayetoka alete mrithi wa nafasi atakayebeba marejesho yake na akubaliwe na wengine wote, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ajulishwe. Ukiondoka bila hayo, jina lako linabaki kwenye faili la halmashauri.

Kwa wakulima walio kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, nitasema moja tu. Kama umepeleka kahawa au chai na kuna malipo ya pili hayajatoka, malipo hayo ni bei ya mazao yako. Uanachama ukikoma, deni la mazao halikomi. Stakabadhi za mizani ndizo ushahidi, zitunze hata baada ya kadi kurudishwa.

Ada isiyorudi

Walimu huniuliza juu ya chama cha wafanyakazi kwa kuchanganya na SACCOS, kwa sababu vyote viwili vinaonekana kwenye hati ya mshahara kama makato. Hapa hakuna malipo ya mwisho kabisa. Ada ya chama cha wafanyakazi si akiba. Ni malipo ya huduma, na iliyokwisha kukatwa imekwenda, pamoja na fulana ya Mei Mosi.

Notisi yake, hata hivyo, iko wazi kuliko ya SACCOS yoyote, kwa sababu imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi haki ya kufuta idhini ya makato kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, na notisi iende kwa wawili: mwajiri na chama. Ikipelekwa kwa mmoja haijakamilika. Fomu inayotumika kuingia ni TUF 6, ya kutoka ni TUF 15. Mwezi ukiisha, mwajiri anatakiwa kuacha kukata. Kumbuka tu kwamba orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwezi kuisha. Barua ya tarehe 25 inaweza kukugharimu makato ya mwezi mmoja zaidi kuliko barua ya tarehe 3.

Kisha mwalimu anajaza fomu, mwezi unapita, na makato yako pale pale. Hapo ndipo anapokutana na kifungu cha 72. Chama kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi mahali pa kazi, na kinachotambuliwa na mwajiri, kinaweza kuwa na makubaliano ya uwakala: asiye mwanachama naye anakatwa ada, isiyozidi ile ya wanachama, kwa sababu naye ananufaika na majadiliano ya mishahara. Kwa Chama cha Walimu Tanzania, ambacho ada yake kwa miaka mingi imekuwa asilimia 2 ya mshahara, jambo hili limezaa malalamiko mengi. Makubaliano hayo yakiwepo, kujaza TUF 15 kunakutoa kwenye uanachama, na kura yako unaiacha mlangoni. Pesa inaendelea kukatwa. Anayetaka makato yaishe kweli ahakikishe kwanza kama makubaliano ya uwakala yapo mahali pake pa kazi, na kama chama kingine anachotaka kuhamia kinatambuliwa hapo.

Kuondoka bila barua

Kuna kuondoka ambako hakuna notisi, nako ni kufa. Karibu kila fomu ya kujiunga ina mstari wa kuandika jina la mtu atakayelipwa mwanachama akifariki. Nimekuta majina ya wazazi waliokwisha kuzikwa, ya wachumba walioachwa kabla ya ndoa, na nafasi tupu nyingi mno. Fomu ile hubadilishwa wakati wowote kwa barua fupi, na haidai notisi. Aliyeandikwa akifika na cheti cha kifo, kazi ya chama ni nyepesi. Kama hayupo, familia inatumwa Mahakama ya Mwanzo kutafuta usimamizi wa mirathi, na pesa ya mazishi inakopwa kwa watu. Ulizeni pia kama mkopo ulikuwa na bima, maana vyama vingi hukata bima hiyo siku ya kukopa na familia haijui kwamba deni la marehemu lilishalipiwa.

Upande wa pili ni wale wanaodhani wakishalipwa wamemalizana na chama milele. Sheria ya ushirika ya India ya mwaka 1912, ambayo Waingereza waliitumia kama kiolezo kwa makoloni yao, ilisema aliyewahi kuwa mwanachama ataendelea kuwajibika kwa madeni ya chama yaliyokuwepo siku alipoondoka kwa miaka miwili zaidi, na mali ya marehemu kwa mwaka mmoja. Tanganyika ilipata sheria yake ya kwanza ya ushirika mwaka 1932 kutoka kwenye ukoo huo. Leo tuna Sheria Na. 6 ya 2013, na mwanachama wa SACCOS kwa kawaida hawajibiki zaidi ya hisa zake, lakini ukisoma masharti ya vyama utakuta kivuli cha wazo lile bado kinatembea. Aliyekuwa mjumbe wa bodi au kamati ya mikopo ndiye hasa wa kujali. Mikopo mibovu aliyoipitisha haimwachi kwa sababu amerudisha kadi.

Chama kikikataa kulipa bila sababu iliyoandikwa, njia inaanzia kwenye bodi kwa barua, inapita kwa afisa ushirika wa halmashauri, inafika kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, ambaye ni mtu wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikundi kidogo, kwa mgawanyo wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kiko daraja la nne, na mlango wake ni halmashauri. Nenda na nakala ile yenye mhuri, kitabu chako cha mwanachama, na ile karatasi ya hesabu uliyomdai meneja. Bila hivyo utasikilizwa kwa huruma na kurudishwa nyumbani.

Na kama ukisoma masharti ya chama chako ukakuta hayasemi utalipwa ndani ya siku ngapi, pa kulirekebisha hilo ni mkutano mkuu, kwa hoja iliyopelekwa kwa bodi mapema ili iingie kwenye ajenda. Hata ikipita kwa kura zote, sharti jipya halianzi kutumika mpaka Mrajis alisajili. Anayepanga kuondoka mwaka huu ahesabu kwa masharti ya zamani.